Dakika Kumi na Moja za Salamu

Prof Ezéchiel alikuwa amefundisha kilimo cha mpunga miaka kumi na tisa katika chuo kimoja cha Uvira, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachosha. Nani angethubutu? Basi Madame Sidonie, mkufunzi aliyetoka Bukavu kuwafundisha walimu kupima na kurekebisha kozi za mtandaoni, alipogawa karatasi za alama, wenzake wote walimpa kumi na tisa juu ya ishirini. Video ya kozi yake hata hawakuifungua. Heshima ni heshima, bwana!

Sidonie alizisoma karatasi hizo, akacheka, akazitia mkobani.

"Kozi haipimwi na rafiki ya mwalimu," akasema. "Inapimwa na simu ya mwanafunzi. Na itakayokosa kumi na mbili, Ijumaa inaondolewa mtandaoni."

Moyo wa Ezéchiel ukamlipuka paa. Wanafunzi wake sitini walikuwa vijijini Luberizi na Luvungi, wakulima watupu, wasioweza kuacha mashamba waje kukaa darasani mjini. Kozi ikiondolewa, amewapoteza wote.

Sidonie akamkabidhi simu ndogo yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake mlikuwa na mega mia moja tu za intaneti, kiasi ambacho mwanafunzi wa Luberizi hutumia wiki nzima.

"Prof, leo weye ndiye mwanafunzi. Soma."

Video ikaanza. Ezéchiel wa kwenye video, tai shingoni, akamsalimu Mkurugenzi Mkuu wa chuo. Akamsalimu katibu wa masomo, wakuu wa idara, mapadri, wachungaji na viongozi wa kimila, kila mmoja kwa cheo chake. Ndiyo desturi yetu, hata kwenye ubatizo wa mtoto mtu hashiki kipaza sauti bila kuwataja wakubwa mmoja mmoja. Dakika ya tano akamrudia Mkurugenzi Mkuu, sasa kwa shukrani. Dakika ya kumi na moja akakohoa, akasema, "Tukija sasa kwa mupunga..." na mega zikaisha.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ezéchiel alitamani ardhi immeze. Aliitikisa simu, akaigeuza, akaitikisa tena.

"Na mupunga iko wapi?" akauliza.

"Ata banafunzi bako wanauliza ivyo ivyo," akasema Pitchou, mwalimu wa hesabu, machozi ya kicheko yakimtoka.

Ezéchiel naye akashindwa kujizuia, akacheka. Lakini Sidonie alipomwambia azikate salamu zote, kicheko kikamkauka.

"Nimutoe Madame Consolée? Mkurugenzi wetu? Akiona sijamusalimu, minye niko nje!"

"Na ukimuacha ndani ya video, banafunzi wako ndio wako nje. Chagua, Prof."

Usiku huo hakupata usingizi. Asubuhi alipanda pikipiki mpaka Luberizi, akakunja suruali hadi magotini, akaingia kwenye matope na kurekodi dakika nne. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Loweka mbegu."

Ijumaa Madame Consolée akaja kutia sahihi karatasi za kozi zitakazobaki mtandaoni, akaketi mstari wa mbele. Wenzake Ezéchiel wakaipa video mpya kumi na sita, safari hii baada ya kuitazama kweli. Ikabaki sahihi ya Mkurugenzi tu. Dakika nne za video zikapita mbele yake, jina la Mkurugenzi halikutajwa hata mara moja.

"Rudisha nyuma," akasema Madame Consolée.

Yesu Maria, anatafuta jina lake! Ezéchiel akarudisha.

"Hapo. Umesema mbegu inalowekwa muda gani?"

"Siku moja, Madame. Halafu unaifunika na gunia mpaka ichipue."

"Siku moja?" Akashika kichwa. "Minye naloweka siku nne! Misimu mitatu mbegu yangu inaoza kule shambani Kamanyola!"

Akachukua kalamu, akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo, kisha akamgeukia.

"Prof Ezéchiel, miaka yote hii ulikuwa unajua, na ulikuwa unanisalimia tu?"