Ukuta wa Timazi

Mume wangu mafundi wenzake walimpa jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta wima, maana hajawahi kujenga ukuta ukapinda, na haingii nyumba ya watu bila kukagua pembe. Sasa huyo huyo ndiye aliyetaka kubomoa ukuta wetu wa ndani, ule kati ya chumba cha kulala na sebule.

Tangu miguu yangu igome, kiti changu cha magurudumu hakikati kona ya korido. Watoto na wajukuu wakija, wao wanacheka sebuleni, mimi sahani yangu inaletwa chumbani. Wajukuu wanachungulia, "Bibi, shikamoo," halafu mbio. Roho iliniuma, lakini sikusema. Mimi si mtu wa kulialia.

Shida ni kwamba nyumba hii imo kwenye jengo la ghorofa, sisi wa chini kabisa, tumeinunua kwa mkataba wa miaka tisini na tisa, na mkataba unasema kuta ni za mwenye jengo. Hugusi tofali bila kibali. Nikamwambia, "Baba, andika kitu cha maana, cha kitaalamu." Akajaza fomu peke yake, wala hakunionyesha. Wiki mbili baadaye ofisi ikajibu: kwenye ramani, ukuta huo umebeba ghorofa ya juu. Ombi limekataliwa.

Weee, ungemwona. "Umebeba nini? Ukuta huu nimeujenga kwa mikono hii." Na ni kweli, jengo hili lilipojengwa alikuwa fundi kijana hapa hapa. Akavaa shati la kutokea, akaenda ofisini. Akarudi na mhandisi wao, binti mmoja wa miwani, ramani kwapani.

"Habari za saa hizi," binti akasema. "Mzee, ramani inaonyesha..."

"Ramani ilichorwa mapema. Katikati ya kazi wakaongeza boriti ya zege juu hapo, ndiyo inayobeba ghorofa. Ukuta wa kubeba unaushindilia mpaka juu. Huu niliuachia nafasi ya kidole chini ya boriti, nikaijaza karatasi za mifuko ya saruji, usije ukabeba mzigo usio wake. Chimba pale juu, shubiri moja kutoka kwenye kona."

Binti akapanda ngazi, akaanza kugonga patasi.  Miaka thelathini na nane tangu aujenge, jamani, na mume wangu mwenyewe hakumbuki alipoweka miwani yake asubuhi. Lipu ikadondoka. Binti akaingiza kidole, akavuta karatasi ya kahawia, maandishi ya mfuko wa saruji bado yanasomeka. Akachimba sehemu nyingine mbili, kote karatasi zile zile. Akapima boriti, akaandika, akashuka.

Akampa mume wangu mkono, akainama kidogo. "Shikamoo, fundi."

Nilivimba kichwa utadhani ukuta nimejenga mimi.

Kibali kikaja, kimebanwa pamoja na nakala ya fomu ya kwanza. Nikaiwahi mimi, nitafute makosa ya kumtania nayo. Mbele ya "Sababu ya kubomoa" hakukuwa na hesabu wala utaalamu wowote. Kwa mwandiko wake ule, herufi zimesimama wima, aliandika: "Mke wangu anakula peke yake."

Sikuwahi kumwambia.