Harufu ya Kitambaa Kinachoungua

Kwenye karakana ile ya sare za shule, kisu cha umeme hakikushikwa na mtu ila Bi Makasi. Jina la kwao alikuwa nalo, ila mafundi walishalisahau. Ukimpa mrundo wa vitambaa, akauchora chaki na kuupitisha kisu, shati la juu na la chini yalitoka pacha. Bosi, mwenye karakana, alipenda kusema, "Huyu akikata, cherehani zinashona zenyewe." Naye alijidai, kwa nini asijidai?

Lakini kichwa chake kilikuwa na mambo. Mara mojamoja, bila hodi, kilimjia kitu: harufu ya kitambaa kinachoungua, ilhali hakuna kinachoungua, kisha kama maji ya baridi yanamwagika ndani ya fuvu, kutoka utosini hadi kisogoni. Maneno ya watu yakawa kama alishayasikia jana. Kufumba na kufumbua, kimepita. Haanguki, hapotewi na fahamu, anakumbuka kila kitu. Daktari alimwambia bila kuzunguka: hicho nacho ni kifafa, kile kidogo, vidonge usiviache, na mashine usiishike peke yako.

Siri hiyo alimpa mtu mmoja tu pale kazini, wifi yake, dada wa mumewe, aliyetandaza vitambaa upande wa pili wa meza. Wakawekeana utaratibu. Harufu ikija, Bi Makasi agonge meza mara mbili kwa mkasi, na wifi achomoe waya wa kisu, kisha aanze kulalamika: "Umeme gani huu, jamani, kama wa kuazima!" Mafundi wakicheka, Bi Makasi anapumua, kazi inaendelea. Wifi alikuwa mcheshi, tena mwepesi. "Mimi na wewe chanda na pete," alikuwa akimnong'oneza. "Wakuguse waone." Bi Makasi alimwamini kama alivyoiamini mikono yake mwenyewe.

Siku hiyo bosi alikuwa amesimama na mteja, mwalimu mkuu wa shule kubwa, akimwonyesha kazi. Bi Makasi yuko katikati ya mrundo, kisu kinanguruma, harufu ikaja. Akakizima kisu, akainua mkasi ili agonge, akasubiri maji ya baridi. Hayakuja. Akavuta pumzi tena. Harufu ikazidi, maji hakuna.

"Jamani," akasema, "kuna kitu kinaungua. Kweli kabisa."

Akamtazama wifi yake. Pua za wifi zilishatanuka, naye ameinusa. Halafu macho yake yakakimbilia pazia la kona, kwenye meza ya pasi, ambako asubuhi hiyo wifi mwenyewe alikuwa akinyoosha kola, yakarudi upesi na kutua kwa bosi. Bi Makasi aliyaona yote hayo.

"Tulia, wifi," yule akasema kwa sauti ya huruma, sauti ya msibani. "Hakuna kinachoungua. Ni kichwa chako tu." Akamgeukia bosi. "Tuwieni radhi. Ana kifafa huyu. Huwa ananusa vitu ambavyo havipo."

Lo! Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Fundi wa vifungo, ambaye juzi tu walikunywa naye chai kikombe kimoja, akavuta kiti chake nyuma. "Msimguse!" mmoja akasema. "Tafuteni kijiko cha kumtia mdomoni!" akadakia mwingine, na Bi Makasi mwenyewe kasimama wima, akili zake timamu.

"Sina kitu mimi! Angalieni kwenye pasi!" Bi Makasi alipiga kelele. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kumwonea huruma.

Moshi ndio uliomtetea. Ulipopanda juu ya pazia, ndipo watu walipokumbuka kwamba wana miguu. Ndoo zikakimbizwa, maji yakamwagwa, na moto ulipozimika, kola zote za shule ya yule mteja zilikuwa masizi matupu. Mwalimu mkuu aliondoka bila kuaga.

"Nani kaacha pasi?" bosi aliuliza.

Bi Makasi alimgeukia wifi yake, akangoja. Mpaka hapo, masikini, alikuwa bado anamngojea aseme, "Ni mimi, nisameheni." Wifi akainama, akafuta jicho.

"Bosi, mgonjwa halaumiwi. Ikimjia, hajui alitendalo."

Hajui! Mtu aliyemweleza kwa kinywa chake kwamba anakumbuka kila kitu. Mtu ambaye tangu asubuhi hajakanyaga nyuma ya lile pazia. Bi Makasi alifungua mdomo ajitetee, akaziona nyuso za mafundi, akaelewa kwamba wameshaamini. Na kwa kitambo kidogo hata yeye alijiuliza, au kweli? Hilo ndilo lililomkata maini.

"Kuanzia leo kisu usikiguse," bosi akasema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko tusi. "Utafagia nyuzi. Wifi yako atashika meza."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema. Hawakusema tu kwamba kinaweza kukula huku kinakupepea.

Jioni, nyumbani, wifi alimfuata uani, akamkuta anaanua nguo.

"Nisikilize, wifi. Mimi wangenifukuza. Wewe kazi bado unayo, wamekuhurumia. Mwenye ugonjwa angalau ana sababu."

"Ungeniomba," Bi Makasi akasema. "Ungeniambia, wifi, nibebee hili, ningelibeba. Pasi ningesema ni mimi. Lakini umekichukua kichwa changu ukakifanya kichaka cha kujificha."

"Basi yaishe. Si sisi ni ndugu?"

"Ndugu!" Bi Makasi akavuta shuka kutoka kwenye kamba, na hapo hapo harufu ikaja, safari hii na maji yake ya baridi, utosini hadi kisogoni, na ua zima likawa kama lilishatokea jana. Vidole vikamlegea, shuka likaanguka mchangani. Wifi aliujua uso ule. Hakuna mwingine aliyeujua vile. Akasogea mbio, mikono mbele, amdake.

"Imekuja, eh? Wifi, imekuja?"

Bi Makasi aliing'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili mpaka ikapita.

"Hapana," akamwambia. "Nenda zako ndani."