Majivu ya Héritier

Haya, sogeeni mnijibu hiki: mvua ya chuma imeninyeshea mgongo mzima, na tumboni mwangu panya analala pakavu. Mimi ni nani? Mmeshindwa? Basi sikilizeni ya Emmanuella wa Lusangi.

Mume wake, Héritier, alikuwa askari wa kifaru, lile gari la chuma la vita. Aliyerudi na habari ni Fabrice, rafiki yake na askari mwenzake wa kifaru kilekile: ndege ilishuka, ikapiga mizinga yake, kifaru kikaungua kando ya barabara ya Kasongo, Héritier akiwa ndani. Ukoo ukalia. Lakini kwao, aliyefia mbali huletewa udongo wa pale alipoangukia, uzikwe nyumbani, ndipo mjane anyolewe na aweze kuolewa tena. Fabrice akajitolea. "Wewe usiende, shemeji. Kule bado kuko mabomu." Akaleta majivu katika kitambaa, na jioni ileile akaanza kugusia ndoa.

Emmanuella akayachambua yale majivu kwa vidole. Akakuta ganda la karanga. Kifaru gani hicho kinachokaanga karanga?

"Acha kuchokonoa, mwanangu," mama mkwe wake Clémentine akamwambia. "Unyolewe tu, tupumzike."

"Nitanyolewa, mama. Lakini si kwa majivu ya jiko la mutu."

Asubuhi akapanda pikipiki. Akakikuta kifaru majanini, minyororo yake imezama matopeni. Mgongo wote ulikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, lakini hapakuwa na tundu hata moja lililopenya. Mfuniko ulikuwa wazi. Akachungulia: rangi ya kijani nzima, kiti cha kitambaa kizima, na juu yake kiota cha panya. Moshi haukupita mle.

Aliporudi, Fabrice alikuwa barazani kwake, shati jipya, miguu kainyoosha kama mwenye nyumba.

"Shemeji! Na matope hivyo, umetoka wapi?"

"Kwa mume wangu. Sikumukuta."

Fabrice akacheka kikavu. "Ile ndege ilipiga sana. Mimi niliona na macho."

"Ilipiga, ndiyo. Ikakwaruza chuma, ikawatia woga, mukakimbia. Héritier iko wapi?"

Fabrice akageuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. Clémentine, aliyesikia yote, akatoka jikoni na mwiko wa bugali, akaziba njia.

"Jibu, mutoto wa watu. Mwanangu iko wapi?"

"Iko Nyangwe," Fabrice akasema mwishowe, macho chini. "Anaogopa kukamatwa, sababu alitoroka jeshi. Kila nikifika kule ananiuliza kama bibi yake anamungojea. Ninamuambia alishaolewa."