Mtoto Achuchumae Mbele

Uvundo ndio uliotupokea: vichwa vya kuku vilivyooza, mkojo wa mnyama, na sigara ya mwenye mnyama huyo. Ilikuwa Jumapili ya Oktoba 1998, kwenye njia ya kupanda mlima Baiyun. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udaktari Guangzhou, China, na Jumapili nilimtafsiria Dullah, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akinunua midoli pale mtaa wa Yide Lu. Safari hii alikuja na bintiye Swalha, mtoto wa miaka sita.

Dullah alitaka picha ya kalenda. Kila mwisho wa mwaka huwagawia wateja kalenda yenye sura yake, na duka lake sasa linaitwa Simba. Alikuwa amesikia kuna bwana mlimani anayepiga watu picha na puma, yule simba wa milima ya Amerika. Tukamkuta kweli huyo puma, kafungwa mnyororo kwenye shina la msonobari.

"Simba gani huyu hana manyoya shingoni?" nikauliza.

"Kariakoo nani atajua, dada Leokadia? Mwambie laobani, huyu bosi wa puma, atupige tatu."

Shingo ya mnyama ilikuwa imechubuka hadi nyama nyekundu, nzi wamejaa. Yule bwana akamchoma kwa fimbo ili ainue kichwa. Nikamwambia Dullah kwamba baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori Ruaha miaka ishirini, na mnyama wa jamii hii hazoeleki, hata akisinzia.

"Daktari mzima unaogopa paka!" Akacheka mpaka akakohoa.

Kisha akapanga picha kama tunavyopangwa studio kwetu: baba wima, mkono kiunoni, mtoto achuchumae mbele. Swalha akachuchumaa, mgongo kwa puma.

Masikio ya puma yakalala. Macho yakamganda mtoto. Aliyechuchumaa huonekana mdogo, na kidogo ndicho kinachowindwa. Hilo baba yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma.

"Kaka Dullah, mnyanyue mtoto! Usikimbie!"

Alikimbia. Mungu ni shahidi yangu, alimruka mwanawe, kiatu kikamgonga bega, akateremka ngazi mbio. Puma naye akaruka. Mnyororo ukamkaba shibiri moja tu kutoka kwenye nywele za mtoto, na lile shina likalia.

Nikamvuta Swalha, nikamsimamisha ubavuni kwangu, nikafungua mwavuli niliokuwa nao mkononi na kuuinua juu, nikapiga kelele kwa sauti nzito kuliko niliyojua ninayo. Kisha nikamnong'oneza, "Mtazame usoni. Usimpe mgongo. Turudi nyuma polepole, hatua moja moja."

Akafanya hivyo, meno yakigongana. Nyuma ya mwavuli tulisikia fimbo ikimshukia mnyama, tena na tena.

Dullah akarudi akijipangusa vumbi la suruali. Nilidhani atamkumbatia mwanawe.

"Mwulize laobani," akaniambia, "picha imetoka?"

Nilitema mate mbele ya viatu vyake. Sijawahi kumfanyia mtu mzima hivyo, wala sijutii. Yule puma ananuka kwa sababu amefungwa, huyu je?

Akamnyooshea binti yake mkono. "Haya Swalha, njoo kwa baba, tushuke."

Swalha alimtazama usoni. Halafu akaanza kurudi nyuma, polepole, hatua moja moja, bila kumpa mgongo.