Nukta Zilizosimamia Ncha

Profesa Bhaskar Lahiri alimaliza sambusa yake, akajifutia vidole kwenye karatasi ya utafiti ya Sharmishtha, mhadhiri mdogo aliyedai kuwa mtahini mmoja, asiyemtaja jina, ana upendeleo, mbele ya idara nzima ya takwimu pale Kolkata.

"Alama za mtihani wa maandishi zimelingana juu na chini ya wastani. Za mdomo zimelingana kushoto na kulia. Haziegemei popote. Umetupotezea asubuhi, binti."

"Umezipima mojamoja, kaka Bhaskar," alisema Sharmishtha. Kwa desturi ya pale, kila mdogo alimwita kaka, apende asipende. "Zipime pamoja."

"Eti pamoja! Wali hauna chumvi, samaki hana chumvi, ukivichanganya chumvi itatoka wapi?"

Watu waliangua kicheko. Sharmishtha akameza hasira, akashika chaki, akamwekea kila mtahiniwa nukta yake: maandishi kwenda juu, mdomo kwenda kulia. Chini, waliofeli maandishi walirundikana katikati. Juu, waliofaulu walipasuka pande mbili, katikati peupe. Ilikuwa sambusa tupu, imesimamia ncha.

"Igeuze kichwa chini uone kama ni ileile."

Profesa alikunja uso. "Mtahini gani huyu? Aliyefeli anampa hamsini ya mdomo, mwerevu anampa ama tisini ama kumi? Mpuuzi mkubwa!"

"Ni wewe. Hizi ni alama zako za miaka kumi. Kule juu, kulia ni wanaume, kushoto ni wanawake." Akaigonga nukta ya kushoto kabisa hadi chaki ikavunjika. "Na huyu ni mimi, Profesa Lahiri."