Hotipoti ya Mama

Kwetu ni Tunduma, na barua ya kuitwa misheni nje ya nchi ilipofika nilipiga kelele mtaa mzima. Nje ya nchi! Niliipost hata kabla mama hajaisoma. Kwa asiyejua, vijana wa kanisa letu, Wamormoni, tunatumika miaka miwili mbali na nyumbani. Tunatembea wawili wawili, shati jeupe, tai, na kibao cheusi kifuani. Kwenye kibao wanaandika jina la ukoo tu. Kwa hiyo nikawa Elda Sichone. Elda ni kama kusema mzee, ndo hivyo, mzee wa miaka ishirini. Jina la Amoni nikaliacha kwa mama.

Nchi yenyewe ikawa Zambia. Mwaka wa kwanza Lusaka, freshi kabisa. Halafu Novemba wakanihamishia Nakonde.

Nakonde jamani! Kama hujafika huku, Tunduma na Nakonde ni mji mmoja, mpaka umepita katikati. Nikisimama mlangoni kwetu, nyumba ya wamisionari, naona mabati ya mtaa wetu kule ng'ambo. Viongozi hawakujua, maana kwenye fomu niliandika natokea Mbeya. Na mimi sikuwaambia.

Sikuwaambia kwa sababu ya uongo wangu wa Lusaka. Wenzangu walikuwa wanasimulia wazazi wao, huyu baba yake mhasibu, yule mama yake daktari. Ikafika zamu yangu nikasema mama yangu ni mkuu wa shule ya sekondari. Ilitoka tu mdomoni, na ikishatoka unairudishaje? Mama yangu anauza nyanya. Kila asubuhi anavuka mpaka na beseni kichwani, anakaa pembeni ya soko la Nakonde, anauza mpaka ziishe.

Uongo huo nikahama nao mpaka Nakonde, basi nikaanza kuishi kama mwizi. Mwenzangu alikuwa Elda Jonasi, Mmalawi wa Blantyre, mpole, Kiswahili cha kuokota hapohapo Nakonde. Akisema tupite sokoni, namwambia huko kuna matope. Jumatatu ndo siku yetu ya kupiga simu nyumbani, nampigia mama, tunaongea Kinamwanga ili Jonasi asielewe.

"Uko wapi mwanangu?"

"Huku ndani ndani, mama. Mbali."

"Mvua ipo?"

"Ipo."

"Hata huku inanyesha," anasema.

Mvua ileile.

Krismasi tukaalikwa kwa Mama Mercy, muumini wetu, ana duka la vitenge. Meza imejaa, nshima, yaani ugali wa huku, kabeji, wali, jogoo mzima. Watu kama kumi hivi, kila mtu anacheka.

"Elda Sichone," Mama Mercy akaniuliza, "mwalimu mkuu wetu leo anakula nini huko Mbeya?"

"Keki tu," nikasema. "Walimu wanamletea keki mpaka anagawa."

Wakacheka, na mimi nikacheka, nikaongeza na shamba la kahawa Iyula ambalo hatuna. Nilikuwa nimenogewa kweli.

Hodi ikapigwa getini.

Alikuwa mama.

Amevaa gauni lake la kanisani, lile la siku za sikukuu, maana yeye bado ni wa Moravian. Miguu ina tope la kule mpakani mpaka kwenye vifundo. Mkononi hotipoti, imefungwa kwenye kitenge. Baadaye nilijua ni Rozi, yule wanayeuza naye nyanya, aliyeniona njiani, akasikia tumealikwa wapi, akamwambia.

"Iwe mayo," Mama Mercy akamwita kwa Kibemba, kama wanavyowaita akina mama wote huku, "leo hatununui kitu, ni Krismasi!"

"Siuzi," mama akasema. "Nimemletea..."

Akaniangalia. Mimi nikaangalia sahani.

"Umemletea nani?"

Mama akaikumbatia hotipoti. Kisha akasema, "Hawa vijana wa Mungu. Nasikia wako mbali na mama zao."

Mama Mercy akanigeukia. "Elda, unamjua huyu?"

"Hapana," nikasema. "Labda huwa anatuona tukipita."

Najua mnachofikiria. Petro naye alikana, jogoo akawika. Jogoo wa kwangu alikuwa ameshaiva, yuko kwenye sahani yangu.

Mama akaweka hotipoti kwenye ngazi taratibu. "Ni chikanda," akasema, kile chakula chetu cha mizizi na karanga. "Ina pilipili. Ila upande mmoja sijaweka, Amoni tumbo lake halitaki." Akashtuka. Akavuta kitenge chake, akasema sikukuu njema, akaondoka.

Hakuna aliyegundua. Kwa watu wa pale mimi ni Elda Sichone, hawajui Amoni ni nani. Ila Jonasi aliacha kutafuna.

Njiani kurudi akauliza, "Amoni ni nani?"

Nikajifanya nasoma kitu kwenye simu.

"Kaka, pasipoti yako nimeiona. Amoni ni wewe."

Nikaongeza mwendo.

"Mama yangu mimi, kila Jumatatu anazunguka mtaa mzima kuazima simu, anipate dakika tano. Wako amekuja kwa miguu na chakula." Akasimama barabarani. "Halafu ukasema hapana."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alibeba ile hotipoti mwenyewe mpaka nyumbani.

Chikanda tuliila. Upande usio na pilipili ulikuwa na alama ya kijiko, alichora mstari ili nijue.

Kesho yake nikaiosha hotipoti, tukaenda sokoni. Njia ilikuwa kavu, hakuna tope hata la kuchafua soli. Jonasi aliinua mguu akaiangalia soli yake.

Rozi ndo alituona kwanza. "Haa! Leo njia ya huku imefunguliwa?"

Mama akainua uso. "Karibuni, watumishi," akasema, kama anaongea na mteja. "Nyanya za leo zimeiva vizuri."

Yaani alikuwa bado ananifichia siri. Mbele ya Jonasi, siku ya pili, bado ananitunzia uongo wangu. Hapo ndo nilitamani ardhi ipasuke.

Nikapiga magoti mbele ya mabeseni, nikapiga makofi kama tunavyowasalimia wakubwa kwetu. Wateja wakasimama kuangalia.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Amoni. Jana nilikukana."

"Marahaba." Akapanga nyanya tatu, akazipangua. "Jana nilisimama getini kabla sijapiga hodi. Nasikia nina shule."

Rozi akaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Na kahawa Iyula," akasema. "Mwaka huu tumevuna?"

Nikamnyooshea hotipoti kwa mikono miwili. Akaifungua, akachungulia ndani, akaifunga.

Ilikuwa tupu.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Unaweka hata yai, hata chumvi kidogo. Mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi nilikuwa nimekazana kuiosha iwake, sikukumbuka.

"Hee, tupu!" Rozi akasema. "Shule gani hiyo haifundishi?"

"Muache," mama akasema. Akaifungua tena, akachagua nyanya zile kubwa za juu, za kuvutia wateja, akaijaza. Akanirudishia. "Mpelekee yule mama wa jana. Akikuuliza zimetoka kwa nani, utajua mwenyewe cha kusema."

Tulitembea mpaka kwa Mama Mercy. Getini nikapiga hodi mimi.

"Elda! Nyanya nzuri hizi, za nani?"

"Za mama yangu."

"Mwalimu mkuu yuko Nakonde?"

"Hakuna mwalimu mkuu," nikasema. "Mama yangu ni yule wa jana. Uliyemwambia hamnunui kitu."

Akaiangalia hotipoti, akaitambua. Akanitazama kibao, akanitazama uso. Nilisubiri maneno. Akaingia ndani, akamimina nyanya, akarudi ameweka mayai sita juu ya kitambaa safi ili yasigongane.

"Mrudishie," akasema. "Mwambie anisamehe, sikumjua."

Yeye hakumjua. Nikabeba hotipoti, nikarudi tena sokoni, taratibu, mayai yasije yakavunjika.