Nyumba Iliyofika Yenyewe

Mwanafunzi wa sheria alipofika kuanza mafunzo kwa vitendo, alipewa kiti kisicho na mgongo, meza ya kuchangia na birika la chai, na kazi ya kupokea wateja. Ofisi ilitetea bure watu waliodhulumiwa ardhi, na watu hao hawakuwa haba. Mlinzi wa getini alimbatiza Mheshimiwa siku ileile, kwa sababu ya tai. Ilikuwa ya mjomba wake, na ilishuka hadi chini ya mkanda.

Jumatatu akaja bibi mmoja, mjane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumba yangu wameichora X nyekundu. Ijumaa wanakuja na tingatinga. Kuna tajiri kakipenda kiwanja."

Mheshimiwa akainua macho ukutani. Palikuwa na kanuni ya ofisi kwa herufi kubwa: MLALAMIKAJI AFIKE MWENYEWE, HATUPOKEI MWAKILISHI. Alikuwa bado na kile kiherehere cha mgeni anayetaka bosi amwone.

"Bibi, hapa anayebomolewa ni nani? Wewe au nyumba?"

"Nyumba."

"Basi ije yenyewe."

Bibi alifikiri kidogo. "Itabidi niitoe alfajiri, kabla jua halijawa kali. Nayo umri wake umekwenda."

Alhamisi asubuhi nyumba ilikuwa kwenye foleni. Ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu upande wa jikoni. Ilisimama nyuma ya baba mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Waliokuja baadaye walinung'unika kwamba inawaziba, hawaoni foleni inavyosogea. Mama mmoja alidai imechomekea. Mlinzi akamjibu kwamba ameikuta hapo wakati anafungua geti, na haijamsumbua mtu, tofauti na yeye.

Zamu yake ilipofika, mlango wa ofisi haukuitosha. Mheshimiwa akatoka na kiti chake, akaihoji uani, penye kivuli cha bati lake lenyewe. Mlango ukifunguka ni ndiyo, ukijifunga ni hapana.

"Umejengwa kwa kibali?"

Mlango ukafunguka.

"Umewahi kuhama kabla ya leo?"

Mlango ukajifunga kwa kishindo, plasta ikadondoka.

"Pole. Ni maswali ya kawaida."

Bibi akachungulia dirishani, ufagio mkononi. "Mjukuu, usiikoromee. Imetembea na njaa."

Bosi alifika na gari lake, akakuta pa kuegesha pamekaliwa.

"Huyu nani?"

"Mteja, bosi. Tunaomba zuio la mahakama, linahitaji saini yako. Tingatinga ni kesho."

"Ana miadi?"

"Hana."

"Basi asubiri. Nina semina ya haki ya makazi, narudi kesho mchana."

Akageuza gari, akaenda kwenye semina. Nyumba ikasubiri. Bibi alipika uji, akamgawia na mlinzi.

Ijumaa tingatinga lilifika kiwanjani, likakuta udongo mtupu na kamba ya kuanikia nguo. Dereva akapiga simu manispaa. Afisa ardhi akaja, akakizunguka kiwanja, akatamka kwamba ni kitupu, hakina nyumba wala mdai, na akamkabidhi tajiri hapohapo. Hadi bosi anarudi kutoka kwenye semina, mafundi walikuwa wameshapandisha ukuta.

"Nani aliiita huku?" bosi akauliza.

"Kanuni, bosi."

"Wewe kwa unavyosoma kanuni, hata kisima kingekuja na maji yake."

Alisaini hata hivyo. Hakimu aliwasikiliza vizuri sana. Akasema hawezi kuzuia kubomoa wakati hakuna anayebomoa, na nyumba aliyoiona uani pa mahakama ilikuwa nzima, haina hata ufa. Mheshimiwa akauliza kuhusu kiwanja. Hakimu akasema kiwanja kina mwenyewe.

Jumamosi nyumba ilijaribu kurudi kwake. Ikakuta geti la chuma na mlinzi aliyeiuliza kitambulisho. Ikarudi ofisini kabla jua halijazama, ikajipanga palepale pa gari la bosi.

Ofisi ilimpiga picha bibi akiwa kibarazani, wakaitumia kwenye ripoti kwa wafadhili: mteja mmoja ameokolewa asibomolewe. Kwenye tathmini ya Mheshimiwa, bosi aliandika kwamba ana bidii na anafuata kanuni. Chuoni walifurahi.

Wiki yake ya mwisho alikwenda kubisha hodi kwa bibi, tai mfukoni.

"Bibi, nisamehe. Mimi ndiye niliyewaita."

"Kaa, mjukuu wangu. Hata tungebaki kule, Ijumaa ingefika tu." Akammiminia chai. "Ila ungeniambia nije na kiwanja pia. Sikujua kama na chenyewe kinahitajika."

Siku ya mwisho, watu wa manispaa walikuja na ndoo ya rangi. Nyumba ilikuwa imesimama kwenye maegesho bila kibali, kwa hiyo wakaichora X nyingine, upande ambao haukuwa na ya kwanza. Mlinzi aliwafungulia geti, na walipotoka akalifunga.

Mheshimiwa alipotoka na kiti chake, nyumba ilikuwa ya kwanza kwenye foleni. Nyuma yake watu walikuwa wakinung'unika. Akaketi, akavaa tai, akaanza upya.

"Umewahi kuhama kabla ya leo?"

Mlango ukafunguka, polepole, mpaka mwisho.